Kosa si la Luga



Wengi kati yetu wanasema kwamba sinema za mapendo za India ni za kupoteza wakati tu: watu wanaimba, wanacheza, wanalia, basi. Sisi wa darasa la sita tunasema hapana. Tutwae moja tu: Maro Charitra, filme ya Kitelugu ya mwaka 1978, iliyotengenezwa na K. Balachander. Haina hata rangi, iko nyeusi na nyeupe.

Habari yake ni hii. Balu ni kijana wa Kitamil, Swapna ni musichana wa Kitelugu. Wako jirani katika Visakhapatnam, muji wa kando ya bahari. Wanapendana. Wazazi wa pande zote mbili wanakataa, juu ya luga na desturi. Kisha wanatoa sharti: muachane mwaka mumoja, bila kuonana, bila kuandikiana barua. Kama nyuma ya mwaka mungali munapendana, mutaoana. Mwaka unapita, mapendo yangali, lakini mbele ya arusi wote wawili wanakufa.

Wengine watasema: "Munaona? Ndiyo mwisho wa watoto wasiosikia wazazi." Lakini hawa walisikia! Walipewa sharti, wakalishika. Tena kungoja si kitu kibaya, mapendo ya kweli hayaogopi kungoja. Kibaya ni sharti linalotolewa na mutu anayetumaini moyoni kwamba litavunjika. Hiyo si kupima mutoto, ni kumutegea mutego.

Ni kweli, woga wa wazazi wale haukutoka hewani. Kitelugu na Kitamil ni luga za ukoo mumoja, na zamani watu wengi wa luga hizo walikuwa chini ya serikali moja ya Madras. Mwezi wa 12 mwaka 1952 Potti Sriramulu alikufa kwa kufunga chakula, akidai jimbo la watu wa Kitelugu. Jimbo la Andhra likazaliwa tarehe 1/10/1953, lakini muji wa Madras, ambao wengi wa Kitelugu waliutaka, ukabaki upande wa Watamil. Maneno kama hayo hayasahauliki upesi nyumbani.

Sasa angalieni. Filme hii ilionyeshwa katika Madras yenyewe (leo Chennai), kwa Kitelugu, bila kugeuzwa luga, na ikaendelea zaidi ya mwaka muzima! Watamil walilipa feza yao kusikiliza luga ya jirani. Balachander mwenyewe alikuwa Mutamil, na Kamal Haasan anayecheza Balu ni Mutamil vilevile. Saritha, anayecheza Swapna, ni wa Kitelugu, na hiyo ilikuwa filme yake ya kwanza. Muziki ni wa M. S. Viswanathan. Kwa hiyo, jambo ambalo wazazi wa ndani ya filme walisema haliwezekani, watu walioitengeneza na walioiangalia walilifanya.

Kuna pahali pamoja ambapo hatupatane na Balachander: mwisho. Mwaka 1981 aliitengeneza tena kwa Kihindi, Ek Duuje Ke Liye, na pale pia wapenzi wanakufa. Kijana anaweza kutoka pale akifikiri kwamba kufa ndiyo alama ya mapendo. Sivyo! Alama ilikuwa ule mwaka wa kungoja bila barua hata moja. Kufa hakukuongeza kitu, kuliondoa tu arusi, na kuliacha wazazi na kilio.

Basi, ninyi wakubwa, mukitoa sharti, muwe tayari kulitimiza siku mutoto atakaporudi amelishika. Na sisi vijana, mbele ya kusema tunapenda mutu wa luga ingine, tujifunze kwanza kumusalimu mama yake katika luga ile.

Asiyekubali atuandikie, tutamujibu.