KUTUMIA TENA KAZI YA MWENZAKO SI KUKOPIA



Sisi wa kalasi ya sita tunataka kusema maoni yetu juu ya mabishano ya kundi la informatike. Wamoja wanaandika programu ya kuhesabu pointi kwa kompyuta ya Windows, wengine wanaandika ileile tena kwa telefone za Android. Wanasema kuchukua kazi ya mwenzako ni kukopia, kama ku mtihani. Sisi tunasema hapana!

Tuangalie matunda yake. Ku kompyuta, asilimia 49,5 inapandishwa mpaka 50. Ku telefone inakatwa, inabaki 49. Basi mutoto mumoja amepita huku, ameanguka kule! Kosa si ya mashini. Ni hesabu moja iliyoandikwa mara mbili na mikono mbalimbali.

Wenye ujuzi walitambua jambo hili tangu zamani. Katika mwaka 1973, huko Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliandika upya Unix kwa lugha ya C. Nyuma yake ikahamishwa ku mashini za namna ingine bila kuanza yote upya. SQLite nayo, iliyotoka mwaka 2000, inatunza habari ndani ya Android, iPhone na Windows, na kiini chake ni kimoja. Njia ni hii: hesabu iandikwe mara moja, pembeni, mambo ya kioo na ya kugusa iandikwe kwa kila mashini.

Lakini tusijidanganye. Tarehe 4 Juni 1996, roketi Ariane 5 ilivunjika angani kiisha sekunde karibu 40. Sehemu ya programu yake ilitoka ku Ariane 4, haikupimwa na mwendo wa roketi mupya. Namba moja ikapita nafasi yake. Kilichokuwa kizuri kule kilileta hasara huku.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:
1. Kundi lote litumie hesabu moja.
2. Jina la aliyeandika kwanza libaki juu yake. Hapo ndipo tunaachana na kukopia.
3. Ipimwe tena ku kila mashini, zaidi sana kwa 49,5.

Mwaka muzima wa mutu usitegemee mashini gani ilifunguliwa siku ile.

Kwa jina la wenzetu,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita