Steringi Hafi, na Wapagazi Je?

Kuna kanuni moja ya sinema ambayo hata mtoto wa nasari anaijua: steringi hafi. Risasi zitamiminika kama mvua ya masika, daraja litakatika, mamba atapanua kinywa, lakini jamaa atatokea upande wa pili akijipangusa vumbi. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya wale wasio steringi, nao ulianza siku chama chetu kilipotuonyesha The African Queen bwaloni.

Kwa faida ya waliokosa, filamu hii ilitengenezwa na John Huston mwaka wa 1951 kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka wa 1935. Ni hadithi ya kubuni iliyopandwa ndani ya vita vya kweli, yaani Vita Vikuu vya Kwanza, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mnamo 1914. Rose Sayer (Katharine Hepburn) ni dada yake mmisionari wa Kiingereza. Charlie Allnut (Humphrey Bogart, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hii) ni mwenye kimashua cha mvuke kilichochakaa, na mapenzi yake makubwa ni chupa ya jini. Vita vinawakuta huko barani, kaka mtu anafariki, na wawili hawa wanakimbia kwa kuteremka mto.

Walimu wetu wa fasihi hutufundisha kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Basi ukitaka kuiona taharuki ikifanya kazi yake, tazama filamu hii. Rose anatoa wazo la kichaa: mashuani mna mitungi ya oksijeni na baruti za mgodini, kwa hiyo watengeneze torpido, wateremke hadi ziwani na kuizamisha Louisa, meli ya Wajerumani inayolitawala ziwa zima. Charlie anaona huyu mama amepagawa. Lakini wanakwenda. Kwanza ni ngome ya Shona, yenye askari na bunduki. Kisha maporomoko ya maji. Kisha chuma kinachozungusha rafadha kinapinda na bapa moja linakatika, nao wanavitengeneza ufuoni kwa moto wa kuni. Halafu matete. Charlie anashuka majini kuikokota mashua kwa kamba, anapanda akiwa amejaa ruba mwili mzima, anatetemeka kwa kinyaa, na jameni, hana budi kurudi mle mle majini! Nilimwona kijana mmoja wa safu ya mbele akijifunika uso kwa sweta.

Lakini kilichonishinda ni hiki. Mashua imekwama katika matete, wawili hao wamekata tamaa na wamelala wakingoja kufa. Hapo kamera inapanda juu polepole, nasi tunaona kwamba ziwa liko pale pale, hatua chache tu mbele yao. Sisi tunajua, wao hawajui. Bwalo zima lilipiga kelele, "Songeni kidogo tu!" Mvua inanyesha huko juu, mto unafura, nayo mashua inaelea yenyewe hadi ziwani. Mwishowe dhoruba inaipindua, wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa, wanamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kwanza (Mzungu naye ana mambo!), na wakati kitanzi kiko shingoni, Louisa inajigonga yenyewe kwenye zile torpido za mashua iliyopinduka. Mlipuko! Steringi wanaogelea na kwenda zao wakiimba.

Nilipiga makofi kama wengine. Lakini usiku huo kitandani, bweni zima likikoroma, kulikuwa na swali moja la taharuki ambalo filamu ilinifungulia na haikulifunga.

Turudi mwanzo. Tunaonyeshwa kijiji cha Kungdu. Watu wamejaa kanisani wakiimba wimbo wa Kizungu usiowakaa mdomoni, huku Rose akikanyaga kinanda na jasho likimtoka. Baadhi yetu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mpeni Bogart wimbo wa taarabu tuone. Mara Wajerumani wanafika na askari wao, wanachoma nyumba moto, wanawakusanya wanakijiji na kuwaswaga kama mbuzi. Mmisionari anajaribu kuzuia, anapigwa kwa kitako cha bunduki, akili inamruka, anakufa. Filamu inamlilia, inamchimbia kaburi. Hayo ni sawa. Na wale watu wa Kungdu je? Charlie anaeleza kwa maneno machache kwamba Wajerumani wanawataka kwa ajili ya jeshi lao. Basi. Mashua inang'oa nanga, na ukiwatoa askari wanaopiga risasi kule Shona, Mwafrika karibu anatoweka katika hadithi yote iliyobaki. Walipelekwa wapi? Waliishije? Nani alirudi?

Jibu liko katika historia, tena si mbali na sisi. Vita hivyo vilianza kutugusa mapema: Taveta ilitekwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1914. Jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alizungushana na Waingereza miaka minne, akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo au zilikuwa matope. Kwa hiyo chakula, risasi, hema, hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Waingereza waliunda kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na walipokosa wa kujitolea walichukua kwa nguvu. Mwaka wa 1917 msako mkubwa uliwazoa vijana kwa makumi ya maelfu kutoka wilaya za Kenya. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana na kikosi hicho. Ni Carrier Corps iliyolainishwa na ndimi zetu.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ina taharuki kuliko ruba. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Naye anakula, si jiwe. Tuseme kilo moja kwa siku. Kama mstari wa mbele uko mwendo wa siku 12, kwenda na kurudi ni siku 24. Mzigo wote umeishia tumboni mwake, na askari aliyekuwa akiungoja amepata kilo moja! Ndiyo maana walihitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na ndiyo maana kilichokatwa kwanza kila mara mambo yalipokuwa magumu kilikuwa ni posho ya mpagazi. Wengi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika nusu nusu njiani, wakaharisha. Kuhara, malaria na vichomi ndivyo vilivyowaua, si risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja zaidi ya wafu 40,000, na wanahistoria waliorudia hesabu hiyo baadaye wanaona huenda walikaribia 100,000 kwa upande wa Waingereza peke yake. Wengi mishahara yao haikuwafikia jamaa zao. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili nyasi ndizo huumia, lakini nyasi angalau hazikubebeshwa mizigo ya fahali.

Mwenzangu mmoja, mtu wa maneno mengi, aliniambia, "Wewe nawe! Sinema ni sinema, si somo la historia." Nakubaliana naye nusu. Hadithi ya kubuni ina ruhusa ya kubuni. Mto Ulanga wa filamu unaingia ziwani, ilhali maji ya Ulanga wa kweli huungana na Rufiji na kwenda Bahari ya Hindi. Louisa haikuwepo. Iliyokuwepo ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa tena na kuanza kazi katika Ziwa Tanganyika mwaka wa 1915. Hakuna steringi aliyeizamisha. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma, wakaipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka wa 1924, na kuanzia 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na magunia ya dagaa kwa miongo mingi kati ya Kigoma na Mpulungu. Uongo kuhusu meli haumwibii mtu kitu. Kumfuta mtu ni jambo jingine, kwa sababu walio wengi duniani, wakisikia kwamba vita hivyo vilipiganwa huku kwetu, picha waliyo nayo ni Bogart na ruba.

Wala tusiseme kwamba mwaka wa 1951 hakuna aliyejua. Tangu miaka ya 1920 kuna sanamu tatu za shaba katikati ya Nairobi, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Serikali ya kikoloni yenyewe, ambayo haikusifika kwa huruma, iliwaona.

Tena, hata aliyetaka msisimko mtupu angeupata kwa wapagazi. Mwaka wa 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za vita kutoka kwao hadi Ziwa Tanganyika kupitia Cape Town na Kongo, chini ya ofisa mmoja mwenye majivuno, Geoffrey Spicer-Simson. Mashua ziliitwa Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa. (Mimi hiyo si mimi yangu, ingawa ingefaa iwe.) Reli ilipokwisha, zilikokotwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, katika njia na madaraja yaliyojengwa na Waafrika. Maji ya mashine yalipokauka, wanawake wa vijiji vya huko waliyaleta kwa vyungu vichwani. Bila vyungu vile, mashua zingebaki mlimani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka mashua ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Forester alijua habari hii. Katika riwaya yake meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua za Waingereza, wala si kwa bahati ya torpido iliyoelea. Nipeni kamera nimfuate mwanamke mmoja mwenye chungu, tangu kisimani hadi mlimani, mashine ikianza kukoroma kwa kiu, tuone nani atalala usingizi.

Kamera sina. Lakini chama chetu huandika mchezo kila mwaka, na kila mwaka ni ule ule wa baba mkali na binti anayelazimishwa kuolewa. Napendekeza mwaka ujao tuanzie pale Huston alipoachia: kijiji kinaungua, watu wanafungwa kamba, na jukwaa linawafuata wao badala ya mashua. Wanachama watatu wamekubali kuandika pamoja nami, na mlezi wa chama hajakataa. Tunachokosa ni majina, kwa maana sitaki wapagazi wetu waitwe "Mtu wa Kwanza" na "Mtu wa Pili". Mwenye babu au nyanya anayekumbuka jina la mtu wa ukoo wao aliyechukuliwa kwenda Kariakoo, amwulize likizo hii: aliitwa nani, alitoka wapi, na kama alirudi. Andika kwenye karatasi yoyote, uilete maktaba Ijumaa baada ya masomo.