Hakugeuka Siku Moja



Kuna swali nililolisikia likibishaniwa barazani baada ya sala ya Isha, na vijana waliolibisha karibu wakabane. Swali lenyewe: je, Daenerys aliuteketeza mji kwa kuwa ndivyo alivyokuwa tangu hapo, au watungaji wamemsingizia?

Huyo Daenerys hajapata kuzaliwa. Ni malkia wa kubuni katika mchezo wa televisheni uitwao Game of Thrones, uliotolewa Marekani na HBO tangu mwaka 2011 mpaka 2019, sehemu 73, wenye majoka yatemayo moto na maiti watembeao. Umetokana na vitabu vya George R. R. Martin, na mchezo ulipokwisha vitabu vyenyewe vilikuwa havijakwisha. Mimi sikuutazama, wala sikushauri uutazame, maana mna uchi ndani yake usiofaa kuingizwa katika nyumba ya watu wenye haya. Niliyonayo nimeyapata kwa mapokezi: niliwauliza vijana mmoja mmoja, kila mtu mbali na mwenziwe, na waliyoafikiana ndiyo ninayokuletea.

Wazee wenzangu wawili walipita wakasikia, wakatikisa vichwa. "Akili zimewatoka hawa, wanabishania joka." Nami nawajibu wazee hao kwamba wamekosea. Akili hazikuwatoka. Mwaka 2017 palioneshwa watu waliozingirwa kwenye barafu kaskazini. Mmoja wao akatimua mbio mpaka ngomeni, kunguru akarushwa na barua mpaka kisiwani kwa malkia, na malkia akapanda joka akaja kuwaokoa, yote kana kwamba ni usiku mmoja. Watazamaji wakatoa kalamu: masafa ni kiasi gani, kunguru huruka kwa mwendo gani? Wakasema haiyumkiniki! Hata mwongozaji wa sehemu ile, Alan Taylor, alipoulizwa alikiri kuwa muda ulivutwavutwa.

Utasema: aliyekubali joka, vipi amkatae kunguru? Basi wewe hukuwahi kuhadithiwa. Bibi zetu walipotupa ngano za mazimwi tulilikubali zimwi bila ya ushahidi. Lakini zimwi likiwa limefungiwa ghalani, kisha likatokea jikoni, tuliuliza: "Bibi, limefunguliwa na nani?" Na bibi ilimpasa ajibu. Uongo wa ngano una kanuni zake, na msikilizaji ana haki ya kuzidai. Hawa watazamaji hawapitwi na kitu. Mwaka 2019 waliona mpaka kikombe cha kahawa cha karatasi kilichosahauliwa mezani mbele ya malkia.

Sasa sikiliza. Watu wenye macho makali namna hiyo walipofika kwa malkia mwenyewe, waliyafumba.

Sehemu iliyozusha ghasia ilioneshwa tarehe 12 Mei 2019. Mji umekwisha kusalimu amri, kengele zinalia kutangaza hivyo, na Daenerys yuko juu ya joka. Akauchoma, na wanawake na watoto wake. Watazamaji wakafoka dunia nzima. Zaidi ya watu milioni moja walitia majina yao katika ombi la kutaka msimu ule wote utengenezwe upya. Hoja yao kubwa: huyu alikuwa mkombozi wa watumwa, aliyebebwa juu ya mikono na waliokuwa watumwa wakimwita mama. Mtu hageuki hivyo kwa siku moja.

Wana haki katika jambo moja, nami siwanyimi. Wasimamizi wa mchezo, David Benioff na D. B. Weiss, walikimbia. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu kumi kumi, wa saba ukawa na saba, wa mwisho sita. Fundi aliyejenga kwa makini miaka yote hiyo, paa akaliezeka kwa haraka, asilalamike likivuja.

Lakini kusema kwamba hapakuwa na dalili! Hapo ndipo ninapowakatalia. Mwaka 2011 nduguye wa tumbo moja, mtu muovu kweli, aliuawa kwa kumwagiwa dhahabu ya moto kichwani, naye akatazama hakupepesa jicho. Mwaka 2014 aliwatundika misalabani mabwana 163 kulipiza watoto 163 wa watumwa waliotundikwa, wala hakuuliza nani katika hao aliyetenda na nani aliyekataza. Mwana wa mmoja wao akamjia akisema babake alikuwa akiupinga uovu ule. Mwaka 2017 aliwachoma baba na mwanawe, mateka wake, kwa kuwa walikataa kumpigia magoti. Kila mara watazamaji walisema nini? Wamestahiki! Wakashangilia. Mwaka 2018 peke yake, huko Marekani, mamia ya watoto wa kike waliandikishwa kwa jina la Khaleesi, ambalo hata si jina lake, ni cheo chake. Wakawapa mabinti zao cheo cha mtu wasiyemaliza kumjua.

Kijana mmoja alinijibu vizuri. "Maalim, kuua adui si sawa na kuua mtoto." Ni kweli. Lakini wale wawili waliochomwa hawakuwa tena vitani, walikuwa wamekamatwa. Aliyemhalalishia hilo alikwisha kumvusha nusu ya mto, kisha anastaajabu kumwona ng'ambo.

Wanavyuoni wa hadithi walilijua gonjwa hili. Ali bin al-Madini, mmoja katika walimu wa Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 234 Hijria, aliulizwa kuhusu mapokezi ya babake mzazi. Kwanza akawaambia wamuulize mwengine. Walipokazana akainamisha kichwa, kisha akasema kwamba jambo hili ni dini, na kwamba babake ni dhaifu. Nani katika sisi angeliyatamka maneno yale?

Mimi sikuyatamka. Nilikuwa na mwanafunzi, sauti yake katika kisomo haikuwa na mfano, nami nilimpenda na nikasimamia posa yake. Baba wa mkewe alinijia kulalamika kuwa binti anapigwa. Nikasema ni ukali wa ujana, utapoa. Akanijia mara ya pili. Nikamuuliza, Mungu anisamehe, kama binti naye hana ulimi. Mara ya tatu hakuja kwangu. Alimpeleka binti hospitali, mkono umevunjika. Mtaani wakasema kijana amegeuka ghafla, labda kuna hasidi aliyemfanyia jambo. Nami nilinyamaza, maana neno hilo la "ghafla" lilinisitiri. Kama alikuwa mwema mpaka jana yake, basi mwalimu wake hakukosa kitu.

Kwa hivyo msinambie, wazee, kwamba ubishi wa barazani ni upuuzi. Swali ni la haki, na sisi ndio tuliolikimbia. Na nyinyi vijana, mna uwezo wa kukumbuka alichokifanya malkia wa uongo katika sehemu ya tatu ya msimu wa nne. Mnakumbuka nini juu ya rafiki yenu anayeposa mwezi ujao, ambaye kesho mtakuja kwa mzee wa watu kumshuhudia kuwa ni mwema?

Usiku ule niliwasimulia kisa hiki. Yule aliyekuwa akimtetea malkia kuliko wote alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Maalim, na yule binti, ulimwomba radhi?"

Nikamjibu kwamba nilikwenda, na babake hakunifungulia mlango. Nimesema nitarudi Ijumaa.