Kabla hamjapitisha ndoo, tuonyesheni hesabu



Ndugu yangu, dada yangu, nakuuliza swali moja na ujijibu mwenyewe hapo ulipo. Ule ukumbi wa jamii pale msikitini kwenu, umeuchangia mara ngapi kwa miaka mitano hii? Na je, jumla ilikuwa shilingi ngapi, ilinunua nini, na ilibaki ngapi?

Kama umeweza kujibu, Allah akuzidishie, na hongera kwa kamati yenu. Kama umenyamaza, basi ni wewe ninayekuandikia.

Kazi yangu ni kuhamasisha watu kati ya Kitale na Bungoma. Ukiniona kwenye matatu inayopita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu kwenda Webuye, ujue nimebeba nakala za Katiba na naenda kufundisha mtu kifungu cha 201. Kifungu hicho kinasema fedha za umma zitumiwe kwa uwazi, kwa uwajibikaji, na wananchi washirikishwe. Tunakifundisha vizuri, mashallah. Vijana wetu wanasimama mbele ya maafisa wa kaunti wanauliza barabara iko wapi, dawa ziko wapi, bila uoga.

Sasa juzi, baada ya kikao kama hicho, mzee mmoja akanivuta kando akaniuliza polepole: "Kijana, na ule ukumbi wenu, bajeti yake iko wapi nami niisome?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Nimekaa na hilo swali mpaka leo.

Ukweli ni huu. Kaunti tunayoitukana kila siku inalazimishwa na sheria iandike mpango kabla ya kugusa pesa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio yafike kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Wanaweza kuiba, ndio, lakini wameacha karatasi na karatasi hiyo ndiyo tunayowakamata nayo. Sisi tunaanza na pesa. Ndoo inapita Ijumaa, mtu anatangaza "marekebisho ya ukumbi", kila mmoja anatoa alichonacho, halafu ndio watu wanakaa kufikiria watanunua nini. Hatuachi karatasi yoyote ya kumkamata mtu nayo.

Wacha nikupe mfano wa mahali ninapopajua, sitataja jina. Paa lilikuwa linavuja upande wa nyuma, kule wanakosomea watoto wa madrasa na wanakokaa kina mama. Tukachangishwa. Pesa ikaja, na ikaingia kwa vigae vya mbele, vile vyeupe vya kung'aa, kwa sababu mgeni akija anaona mbele. Sitasema pesa iliibwa, sina ushahidi huo na sitamsingizia mtu. Vigae vipo, vinang'aa. Na unajua mvua ya Trans Nzoia, ikianza Machi au Aprili haina haraka ya kuondoka. Watoto wakahamishwa mkeka kutoka kona moja hadi nyingine, na Juzuu Amma zao zimevimba kwa maji. Choo cha kina mama hakina mlango mpaka ninapoandika haya, ni pazia tu.

Nani aliamua vigae? Kikao kilifanyika baada ya Isha. Wanaume saba. Mama ambaye anautumia ukumbi huo siku nne kwa wiki alikuwa nyumbani analaza watoto, na hakuna aliyemuuliza. Hapo ndipo dhulma ilipo, hata kama hakuna shilingi iliyopotea.

Najua majibu yako, nimeyasikia yote.

"Sadaka haina risiti." Nani alikuambia? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni, mwandishi na mashahidi. Na yule aliyetumwa na Mtume ﷺ kukusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliporudi akasema hii ni yenu na hii mimi nimezawadiwa, Mtume hakulimaliza jambo hilo chemba. Alipanda mimbari akalisema mbele ya watu. Huyo alikuwa sahaba. Sasa mweka hazina wetu ni nani hata asiulizwe?

"Unawatuhumu wazee." Hapana. Mzee mwaminifu ndiye anayehitaji daftari zaidi ya wote, maana siku akifariki, hesabu iliyo kichwani inazikwa naye na watoto wake ndio watabaki wakisemwa vibaya. Mali ya wakfu ina mutawalli, na mutawalli ni mlinzi tu.

"Mheshimiwa ameahidi mabati." Hili ndilo linanikera kuliko yote. Sheria ya CDF tangu 2003 ilikataza pesa hizo kusaidia shughuli za dini. Kwa hivyo akikuletea mabati ya msikitini, ametoa mfukoni mwake au mahali usipopajua, na uchaguzi wa 2027 ukikaribia atakuja kudai kipaza sauti kabla ya khutba. Utamnyima vipi na umekaa chini ya bati lake? Jamii isiyojua paa lake linagharimu ngapi inanunuliwa kwa bei rahisi sana.

Na bei yenyewe haitishi hivyo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme fundi amepima, ameandika mabati, mbao, misumari, gata na kazi yake, ikafika Sh300,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura kwa sababu bei ya mbao huwa haisubiri mtu, inakuwa Sh330,000. Mko familia 60. Ni Sh500 kwa mwezi, miezi 11. Asiye na pesa alete gorogoro za mahindi wakati wa mavuno, zitapimwa na kuandikwa bei ya siku hiyo. Lakini usije kumchangisha mkulima mwezi wa Machi anaponunua mbegu na mbolea, wala Januari ya karo. Subiri Novemba na Desemba mahindi yatoke shambani. Kamati ikiketi kupanga inaliona hili kwa dakika moja. Kamati inayopitisha ndoo kila ikikwama haitaliona kamwe.

Bungoma nimeona kina mama wakifanya hivi. Kwanza walizunguka wakauliza nani anautumia ukumbi, siku gani, kwa kazi gani. Madrasa, nikah, khitma, chama, kusaidiana kujaza fomu za vitambulisho, hata majirani Wakristo wenye msiba wakati wa mvua. Kutoka hapo wakapanga: paa kwanza, choo pili, tanki la maji tatu, rangi mwisho kabisa. Wakaandika kwa kalamu nene kwenye manila, wakabandika mlangoni. Kila Ijumaa wanaandika kilichoingia na kilichotoka. Mtoto wa darasa la sita anaisoma. Na wametenga kitu kidogo cha kila mwezi cha kutunza, kwa sababu gata likijaa majani leo, mwaka ujao unachangia paa jipya tena.

Kwa hivyo Ijumaa hii ndoo ikipita, toa sadaka yako, usiinyime. Halafu baada ya swala umwendee mweka hazina kwa adabu, umwamkie, umuombe akuonyeshe daftari. Likiwepo, mshukuru. Lisipokuwepo, mnunulie dukani. Na mwambie kikao kijacho kiwe mchana, kina mama waweze kuja.

Sisi wa Kitale tunapima ukumbi Jumamosi baada ya Alasiri. Mwenye futi ya fundi aje nayo, yetu imekatikia kwenye mita ya tatu.