Cheche kwa Wakati Wake

Distribyuta ndiyo saa ya injini ya petroli. Katika Volkswagen Beetle, gari lipozwalo kwa hewa ambalo uundaji wake ulikoma Meksiko mwaka 2003, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.02 tu. Kwa hiyo cheche hutangulia kabla pistoni haijafika kileleni, ili mchanganyiko wa petroli na hewa upate muda wa kuwaka.

Wengi huchagua Bosch 009 kwa wepesi wa kuirekebisha. Hata hivyo, vizito vyake hutanuka kwa kufuata kasi ya injini pekee, mzigo havitambui. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, mara nyingi gari husita. Distribyuta yenye vizito pamoja na kiwambo cha ombwe huwahisha cheche mchanganyiko uwapo haba ndani ya silinda, kwani huo huwaka polepole. Kuweka kifaa cha elektroniki mahali pa pointi huondoa uchakavu wake, lakini hakusahihishi saa iliyokosea.

Basi mwenye gari la safari za kila siku na achague yenye ombwe, inayolingana na kabureta yake. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga na pistoni huweza kutoboka; ikichelewa, petroli hupotea bure. Mng'aro wa kifaa dukani haumwambii mnunuzi lolote kati ya hayo.