Anayekata resori asibebe watu

Mbau (Beni) – Gari linalobeba watu kati ya Beni, Mbau, Oicha na Eringeti si kitu cha kuchezea. Hata hivyo, chini ya miti na nyuma ya nyumba, resori za magari zinakatwa, zinachomwa moto, zinaongezewa vyuma, bila kipimo na bila mtu wa kuuliza. Jioni hiyo hiyo gari linapakia mama, watoto, magodoro na mifuko ya mihogo. Kazi ya namna hiyo haistahili kuitwa ufundi. Ni kuweka maisha ya wengine rehani kwa ajili ya nauli.

Chanzo kimoja ni simu. Kijana anatazama video za wenzake wa Ulaya, Marekani au Japani wanaoshusha gari la mbio nyumbani. Jeki, funguo mbili tatu, resori ndefu inatoka, fupi inaingia, gari linalala chini kama chui anayevizia. Linapendeza, hakuna ubishi. Lakini uzuri hauelezi sababu. Gari la mbio linashushwa ili uzito wake ukae karibu na ardhi na lisilale sana kwenye kona, juu ya lami iliyonyooka kama meza. Na wanaoijua kazi hiyo hawakati kitu. Wananunua resori fupi iliyotengenezwa kuwa ngumu tangu kiwandani, wanaiweka pamoja na amotiseri zake, ile pampu inayozuia gari kurukaruka, kisha wanapima na kunyoosha magurudumu. Huku kwetu kinachoigwa ni ufupi tu, kwa mashine ya kukatia chuma.

Hesabu yake si ngumu. Resori ya mizunguko 6 ikikatwa mizunguko 2, inabaki na 4, na ugumu wake unapanda mara moja na nusu. Gari limekuwa gumu zaidi, na nafasi ya gurudumu kupanda na kushuka imepungua. Likiingia kwenye shimo linagonga chini. Likitoka, resori fupi inaweza kuhama kwenye kiti chake. Wengine hawakati bali wanachoma kwa moto wa kuchomelea mpaka resori ilegee na gari lishuke. Hiyo ni mbaya zaidi. Chuma cha resori kilipewa nguvu kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukikichoma upya kwa kukisia, umekiondolea nguvu hiyo. Kitaendelea kuzama, au siku moja kitavunjika, na hakitachagua siku ambayo gari ni tupu.

Anayetaka kujua gari la mashindano la Afrika Mashariki linavyofanyiwa, atazame mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati huo. Yalitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, yakarudi mwaka 2021 huko Naivasha. Wahandisi wa makampuni makubwa, wenye pesa na mashine za kila aina, wakileta magari yao kwenye mawe na vumbi la Kenya hawayashushi. Wanayanyanyua na kuyapa magurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Kama bingwa wa dunia anaogopa kushusha gari lake kwa barabara ya udongo, kijana wa Mbau anajifunza kwa nani?

Lakini kosa si la vijana wapenda mitindo peke yao, maana wao ni wachache. Kosa kubwa zaidi lafanywa na watu wazima, wenye magari ya kazi, ambao wanapeleka gari upande wa pili: kulipandisha. Nyuma ya basi dogo au kamyo wanaongeza vyuma vya bapa kwenye resori. Kwenye gari dogo wanasokota vipande vya mpira au mbao katikati ya mizunguko. Gari linasimama juu, mwenye gari anacheka, na mahali pa watu wanne wanakaa saba.

Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Resori haibebi mzigo peke yake. Ukiongeza chuma kwenye resori hujaongeza breki, wala ekseli, wala mipira. Breki zilizopimwa kwa uzito fulani sasa zinaombwa kusimamisha uzito mwingine kwenye mteremko wa matope. Gari lililopandishwa kupita kiasi linavuta bomba la breki na kupindisha viungo vya kardani, na uzito ukiwa juu, ni rahisi kupinduka. Aliyekata na aliyeongeza ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wamepima gari kwa macho na kuacha kulipima kwa uzito.

Mtu atasema hayo ni ya kila mahali. Hapana. Katika wilaya ya Beni resori iliyovunjika si shida ya fundi tu. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, wakaaji wa vijiji vingi wamehama mara moja, mara mbili, mara nyingi zaidi. Muhami anayekimbia usiku hachagui gari. Hawezi kusema, ngoja nitazame chini. Anapanda lililopo, anamshika mtoto, anamwomba Mungu. Kwa hiyo uamuzi wote uko mikononi mwa mwenye gari, tena uko siku ile gari lilipokuwa kwa fundi, kabla muhami hajajua kwamba atakimbia.

Kisha kuna barabara yenyewe. Kwenye barabara ya kitaifa namba 4 magari yamekuwa yakipita kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi. Tarehe 1 Septemba 2021 msafara wa namna hiyo ulishambuliwa karibu na Ofaye, kati ya Komanda na Luna. Watu waliuawa, wengine walitekwa, magari yalichomwa. Kila mkaaji anajua maana ya gari kukwama mahali kama pale. Ama msafara wote unasimama kulisubiri, ama linaachwa nyuma na watu wake. Aliyekata resori ili gari lipendeze, au aliyeongeza chuma ili apate nauli tatu zaidi, ndiye amechagua mahali litakapolala.

Mafundi wana jibu lao, na lisikilizwe. Wanasema barabara ni mbaya, vipuri ni ghali, na bila mikono yao hakuna gari lingefika Eringeti. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba barabara hawakuiharibu wao. Mkataba wa barabara uliotangazwa mwaka 2021 kati ya Kongo na Uganda ulihesabu Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma. Mbau, Oicha na Eringeti hazikuwa kwenye orodha hiyo. Serikali inadaiwa, na deni hilo lidaiwe kwa sauti kubwa. Lakini barabara mbaya ndiyo sababu ya kuwa na resori nzima, si ruhusa ya kuwa na resori mbovu. Anayevuka mto wenye mamba hatoboi mtumbwi kwa kuwa mto ni mbaya.

Hakuna anayedai magari yasimame. Njia nzuri ipo, na mafundi wazuri wanaijua. Resori ibadilishwe kwa resori ya gari la aina ile, pande zote mbili kwa pamoja, na amotiseri zilizokufa zitolewe. Ikiwa imewekwa resori yenye nguvu zaidi kwa ajili ya mashimo, basi iwe kwa mashimo tu, hesabu ya watu isiongezeke hata mmoja. Na fundi akiombwa kukata au kuchoma resori ya gari la abiria, akatae. Fundi anayekubali kila kitu hana tofauti na muuza dawa anayeuza chochote kwa yeyote.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya barabara ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kwenye barieri karatasi zinatazamwa, mizigo inahesabiwa, mifuko inafunguliwa. Ni nani anayeinama kutazama chini ya gari? Kuinama kunachukua dakika moja wala hakuhitaji mashine. Viongozi wa sekta, wakuu wa maegesho na vyama vya madereva wakitaka, wanaweza kuanza kesho asubuhi.

Wakaaji na wahami nao wana sauti, siku zile ambazo hakuna mbio. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likiendelea kudundadunda, amotiseri imekufa. Tazama kama linaegemea upande mmoja. Tazama kama mipira imelika upande wa ndani tu. Watu wakishaingia, tazama nafasi iliyobaki kati ya mpira na bodi. Usiku, taa za mbele zikiangaza juu ya miti, uzito umejaa nyuma kupita kiasi. Na mdomo ufunguliwe: «Papa shofere, resori hii ilikatwa? Ni watu wangapi gari hili linabeba?» Asiyetaka kuulizwa amekwisha jibu.

Mwenye gari anayetaka gari la kulala chini alinunue, alishushe, aliendeshe peke yake mahali penye lami. Hiyo ni mali yake na shingo yake. Lakini siku atakapofungua mlango na kuita «Oicha, Oicha, mahali bado!», gari hilo limeacha kuwa lake peke yake. Watu wa Mbau wamekwisha poteza wengi kwa mikono ya wauaji. Wasipoteze wengine kwa mkono wa jirani mwenye msumeno.