Umehama mapema? Kodi ikiwa imelipwa, keja bado ni yako

Mwisho wa mwezi, mitaa kama Roysambu, Umoja na Rongai hujaa mikokoteni na pikapu zilizobeba magodoro. Lakini si wote wanaongoja mwisho wa mwezi. Kazi imepatikana Mombasa, chuo kimefungwa, au keja ya bei nafuu imetokea kwingine na ukizubaa itachukuliwa. Basi mtu anatoa notisi, analipa kodi ya mwezi mzima, kisha anaondoka tarehe 12. Nyuma anaacha mtungi wa gesi, meza na katoni mbili za vitabu ambazo atarudi kuchukua wikendi.

Wikendi ikifika anakuta kufuli si ile yake. Ndani fundi anapaka rangi, vitu vyake vimerundikwa kwenye ngazi, na keateka anamuuliza bila wasiwasi wowote: "Kwani si ulihama?"

Vijana wengi wakiulizwa hivyo hunywea, wakachukua mtungi wao na kwenda. Hawafai kunywea. Kuhama ni jambo moja, kurudisha nyumba ni jambo jingine. Nyumba hurudi kwa mwenyewe siku notisi inapoisha, au siku mnapokubaliana kwamba mmemalizana na ukamkabidhi funguo. Kabla ya hapo, kama umelipa, chumba ni chako hata kama hulali humo, hata kama ndani kumebaki ndoo na ufagio.

Hatuombi huruma hapa. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inahesabu kwamba kila anayekodisha amemwahidi mpangaji anayelipa na kufuata masharti kuwa atakaa kwa amani bila kuingiliwa. Kifungu hicho kinampa mwenye nyumba, au mtu aliyemtuma, ruhusa ya kuingia kukagua hali ya nyumba na kufanya ukarabati ulio juu yake, ila kwa saa zinazofaa na bila kumvuruga mpangaji kupita kiasi. Kukagua na kurekebisha, basi. Kubadilisha kufuli na kumwingiza mtu mwingine hakumo. Juu ya hayo kuna Katiba, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, yakiwemo makao yake kutopekuliwa na mali yake kutotwaliwa.

Bomba likipasuka, au majirani wakisikia harufu ya gesi, hakuna mwenye akili timamu atakayesema mlango usubiri hadi simu yako ipatikane. Ufunguliwe, kisha uambiwe.

Kuonyesha wateja nyumba ndiko kwenye vuta nikuvute. Landilodi naye ana mkopo wa benki na hataki chumba kikae bure mwezi ujao. Hilo tunalielewa, na mpangaji anayekataa kabisa mtu yeyote asichungulie, ilhali ameshahama, anafanya roho mbaya tu. Mpangie saa: Jumamosi asubuhi, wewe ukiwepo au rafiki yako akiwepo. Shida ni keateka mwenye funguo ya ziada anayepitisha watu kumi kwa siku katikati ya vitu vyako, kisha spika ikipotea hakuna aliyeona.

Lakini kiini cha mambo haya ni pesa. Chukua bedsita ya Sh9,000. Umelipa hadi tarehe 30. Tarehe 15 mpangaji mpya anaingia, naye analipa. Nyumba ni moja, siku ni zile zile, na kodi imeingia mara mbili. Landilodi ana haki ya kuchagua. Akitaka nyumba yake tarehe 15, sawa, akurudishie Sh4,500 za siku zilizobaki. Akitaka kubaki na hizo pesa, angoje mwezi uishe. Anachofanya wengi wao ni kuchukua vyote viwili, halafu wakakata dipositi kwa sababu ya rangi, rangi ile ile ambayo fundi aliipaka mwezi wako ukiwa haujaisha.

Tuseme pia ukweli kuhusu upande wetu. Kuna wanaohama saa nane za usiku na deni la miezi miwili, wakazima simu na kumwachia landilodi kufuli na panya. Huyo mwenye nyumba atajuaje kama umeenda ushago au umehepa? Hata kwake, hata hivyo, ipo njia: kukamata mali kwa ajili ya kodi kunasimamiwa na Sura ya 293 ya sheria zetu, na hufanywa na dalali mwenye leseni. Keateka kubeba televisheni yako hadi chumbani kwake hakuitwi kudai kodi.

Notisi nayo ina hesabu yake. Kama unalipa kila mwezi na hakuna mkataba unaosema vingine, sheria inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Ukiitoa tarehe 12, usidhani utakuwa huru tarehe 12 ya mwezi ujao. Iandike, hata kwa meseji, na useme waziwazi: nimehamisha vitu vingi, vingine vimebaki, funguo nitakurudishia tarehe fulani, usifungue bila kuniambia. Piga picha za kila kona siku unayoondoka na siku unayokabidhi. Ukisharudisha funguo na kuacha vitu ndani, umejifungia nje mwenyewe.

Na ukidhulumiwa unaenda wapi? Baraza la kusikiliza kesi za kodi za nyumba, chini ya Sura ya 296, linashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Tafuta bedsita ya bei hiyo Roysambu uone kama utaipata. Kikomo hicho kimewaacha nje karibu vijana wote wanaoanza maisha mjini, na wabunge wanaotutafuta kila uchaguzi wangeanzia hapo kabla ya kutuahidi kingine chochote.

Kwa sasa kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya pesa ambazo mtu amezishika na si zake. Si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi kwa siku 60. Nenda na meseji za M-Pesa, zile picha, na notisi yako yenye tarehe.